Ethi

Mimi ni wa magari. Gerezani wananijua:
leta Noah isiyowaka, leta Fuso yenye taa zinazolewa,
nitapitisha waya mmoja wa chanya,
na hasi nitaifunga popote penye chuma kitupu.
Bodi itairudisha.
Miaka kumi na tisa bodi imenirudishia.

Mama Tusajigwe akaniita Kiwalani,
nyuma ya ghala la magodoro,
akafunua turubai: ndege.
Ya watu wawili, mabawa yameegemea ukuta
kama milango inayosubiri nyumba.
Ameijenga mwenyewe, huu mwaka wa saba,
kwa kiinua mgongo na kwa ukaidi.

"Inalia," akasema.
Akanivika hedifoni, akawasha injini.
Pangaboi likapeperusha vumbi la mbao mpaka kwa mama lishe,
na masikioni mwangu akaingia mbu.
Injini ikipanda, mbu anapanda.
Injini ikishuka, naye anashuka,
hapumziki.

Nikatoa taa yangu ya kupimia,
ncha nikaibana kwenye ubavu wa ndege. Kimya.
Nikakwaruza rangi. Kimya.
"Fundi, hizo ni nyuzi za kioo na gundi.
Haina bodi."
Haina bodi! Nikacheka,
kisha nikaacha kucheka.
Kumbe kila taa, kila geji, kila pampu
inatembea na waya wake wa kurudia,
kama mgeni mwenye busara
aliyeshona nauli ya kurudi kwenye pindo.
Na zote zinafikia mahali pamoja,
bolti moja ya shaba, nene kama kidole gumba,
kando ya betri.
Nikahesabu nyaya nyeusi ishirini na sita.
"Na hii nayo ni ethi?"
"Ethi."
"Hata ikiwa angani?"
"Hasa ikiwa angani."

Siku mbili nikatafuta.
Ndege kubwa zilipita juu ya bati zikishusha magurudumu,
skrubu zikicheza ndani ya kopo la maziwa.
Kila mara yeye alitazama juu.
Mimi shingo yangu ilikuwa chini ya dashibodi,
jasho linaniingia machoni.

Siku ya pili, saa kumi, nikamkamata:
tundu la hedifoni.
Lilikuwa na waya wake mweusi, wa halali,
lakini shingo yake ilikuwa inagusa sahani ya dashibodi,
na sahani imeshikana na geji,
na geji imeshikana na bolti.
Njia mbili za kurudi.
Na njia mbili, tunajua zilimfanya nini fisi.

Washa mbili za plastiki, za shilingi mia tano.
Akawasha tena.
Mbu hayupo.
Nikasikia pumzi za Mama Tusajigwe kwenye kipaza sauti,
halafu, amejisahau,
anahesabu kitu polepole kwa Kinyakyusa.

Nyumbani Mbagala, Siwema hufungua friji
kwa kanga iliyokunjwa mara nne.
"Vaa ndala kwanza," watoto wanaambiana,
kama wanavyoambiana "piga hodi."
Fimbo yetu ya ethi iling'olewa usiku mwaka juzi,
ikauzwa kwa kilo.
Nami fundi, nami nikasema kesho,
kesho nikaipa miezi ishirini.

Jumapili nikanunua fimbo mpya.
Nikaigongomea nyuma ya bafu,
pale maji ya kuogea yanapotokea,
kwa sababu udongo mkavu hausikii.
Jirani akauliza kama nachimba kisima.
Nikafunga waya, nikakaza nati,
nikakaza tena, nikamwagia ndoo nzima.

Siwema akaja bila kanga,
mkono umelowa, una punje za mchele.
Akasimama mbele ya friji.
Akanitazama.
"Wewe kwanza," akasema.